Barua ya wazi kwa wanaosimamia masomo ya uzamili: fomu yenu haina pa kuandika miaka yangu 22 ya kazi

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu. Makamu Wakuu wa Vyuo. Pamoja na wenzenu wa Utumishi, TAMISEMI na Bodi ya Mikopo.

Waheshimiwa,

Salamu yangu itabidi niigawe. Baadhi yenu ni kaka na dada zangu, shikamooni. Wengine, hasa nyie mnaokaa kwenye meza za udahili na kututengenezea ile mifumo ya maombi, mngeweza kabisa kuwa wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Nyie hamjambo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata, mkoani Lindi. Nina miaka 47. Niliajiriwa mwaka 2003, mwaka mmoja kabla ya ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) uliozifanya shule za kata ziote nchi nzima kama uyoga, na hii ninayofundisha niliikuta ina madarasa mawili na mkorosho mmoja, wa tatu. Nina shahada ya kwanza niliyoipata mwaka 2002, daraja la pili la chini, GPA 3.1. Kanuni zinasema mwenye 2.7 na kuendelea anaweza kuomba uzamili. Kwa hiyo sijaja kuomba huruma wala kupunguziwa alama.

Nataka kusoma nini? Ndani kwangu kuna makasha manne ya insha. Nilianza kuyajaza mwaka 2006, nilipoona watoto wanarudia makosa yaleyale mwaka hadi mwaka: anaandika "harafu" badala ya "halafu", kisha aya inayofuata anaandika "lafiki", kana kwamba zile herufi mbili zinapokezana zamu. Nikawa kila muhula naomba insha kumi, naziwekea tarehe, naandika nyuma mtoto anaongea lugha gani nyumbani, Kimwera, Kimakonde, Kiyao, au Kiswahili tu. Sikuwa na mpango wowote. Leo ni karibu miaka 20 ya maandishi ya watoto wa sehemu moja, na sijui kama kuna mtu mwingine anayo. Nataka anifundishe mtu namna ya kuyasoma vizuri kabla mchwa hawajayamaliza. Kwenye kasha la pili wameshaanza.

Dirisha la udahili lilipofunguliwa mwaka 2023 nilikwenda steshenari ya pale stendi. Kijana anayejaza fomu za watu nilimfundisha mimi. Akaniwekea kiti, akafuta vumbi kwenye kibodi, akaanza.

"Madam, hapa inataka namba ya kidato cha nne."

Namba ya kidato cha nne! Naomba uzamili wa Kiswahili, mfumo unataka kwanza kujua nilipata nini kwenye Bayolojia mwaka 1995. Nikampa cheti. Akaandika, akabonyeza, kile kiduara kikazunguka mpaka nikasoma mabango yote ya ukutani, kisha pakatokea maandishi mekundu kwamba mtahiniwa huyo hayupo. Akarudia. Hayupo. Akaangalia ile orodha ya miaka ya kuchagua, akacheka kwa adabu, akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Orodha ilianza mbele ya mwaka wangu.

"Madam, wanasema wewe hukumaliza fomu foo."

Tulicheka wote wawili, lakini mwenzangu alicheka bila kuwa na la kupoteza. Nilipiga simu chuoni, nikaambiwa niandike barua pepe. Nikaandika, ikajibiwa baada ya siku 9, kwamba niandike barua pepe kwa anwani nyingine. Wakati huohuo likaibuka la majina: vyeti vyangu vina jina la baba, kitambulisho cha NIDA kina jina la mume. Hilo nalielewa, mtu asije akasomea vyeti vya dada yake. Nikaenda kwa wakili, nikaapa kwamba mimi ni mimi, nikalipia muhuri.

Binti yangu mkubwa aliomba uzamili mwaka uliofuata. Alijaza usiku, kitandani, kwa simu, huku anakula karanga. Namba yake ya kidato cha nne ilileta jina, picha na matokeo kabla hajameza.

Chuo sikitaji, maana nia yangu si kumchongea mtu, na wenzangu wa rika langu wananiambia hadithi zao za vyuo vingine zinafanana na yangu. Ninachotaka mkione ni jinsi fomu ilivyopangwa. Imepangwa kwa ajili ya mtu aliyemaliza shahada ya kwanza mwaka jana. Anayo namba inayosomeka, anayo barua pepe ya mhadhiri wake, jina lake halijabadilika, na hajawahi kufanya kitu chochote kati ya shahada moja na nyingine. Mimi nilikuta visanduku vya kila mtihani niliowahi kufanya tangu ujana wangu. Cha kazi kilikuwa kimoja, "cheo cha sasa". Nikaandika "mwalimu". Hapo ikaishia miaka yangu yote ya kazi.

Sasa la wadhamini. Chuo kilitaka wahadhiri wawili walionifundisha, na anwani zao za barua pepe ziwe za chuo. Mwalimu wangu wa fonolojia ametangulia mbele ya haki. Wa fasihi simulizi alistaafu zamani, analima mboga huko Morogoro, na simu yake ni kiswaswadu. Nilimpata baada ya kuulizia watu wanne. Nikajitaja jina, akanyamaza. Nikataja mwaka, akanyamaza bado.

"Ulikuwa unakaa wapi darasani?"

"Nyuma, karibu na dirisha. Nilikuwa mjamzito."

"Aah! Wewe uliyekuwa unakula ndimu!"

Huyo ndiye mdhamini wangu wa kitaaluma, Waheshimiwa. Mzee wa watu alinikumbuka kwa ndimu. Hata hivyo aliandika kurasa mbili kwa mkono, barua nzuri, mjukuu wake akaichapa na kuituma kwa barua pepe yake binafsi. Mfumo ukaikataa kwa sababu anwani si ya chuo.

Na huku nyumbani wako watu wanaonijua. Yuko mkuu wa shule aliyekaa na mimi miaka 11. Wako wathibiti ubora waliokaa nyuma ya darasa langu na kuandika taarifa. Yuko kiongozi wa meza niliyosahihisha naye mitihani ya taifa ya kidato cha nne, aliyekuwa akinirudishia vitabu vya majibu nikikosea nusu alama. Huyo anajua ninavyofikiri kuliko mtu yeyote aliyewahi kunifundisha. Hao hawafai, si wanataaluma.

Hapa ndipo ninapotaka kuwakumbusha jambo ambalo wengi wenu mnalijua vizuri kuliko mimi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma. Azimio la Musoma tunalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote, iliyosogezwa ikamilike 1977 badala ya 1989. Lakini lilikuwa na kipengele kingine: kijana wa kidato cha sita hakutoka tena shuleni akaingia moja kwa moja chuo kikuu. Alitakiwa apite Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi, kisha watu wa mahali alipofanyia kazi waseme kama anafaa. Yaani nchi hii iliwahi kuamua kwamba mtu aliyeshika kazi ndiye mwenye sifa ya kukaa chuo kikuu, na asiyeishika asubiri.

Sisemi lirudi. Lilikuwa na madhara yake. Idadi ya wasichana ilishuka mpaka ikabidi waruhusiwe kupita bila kusubiri, na kwa vile ushuhuda ulitoka kwa wakubwa wa kazini na wa chama, mtu aliyekosana nao sijui alikwenda wapi. Ila najiuliza tulitokaje kule, ambako kazi ilikuwa ufunguo, tukafika hapa ambapo miaka ya kazi haina hata kisanduku. Kwa shahada ya kwanza bado pamebaki mlango: Tume ya Vyuo Vikuu inao utaratibu wa kuyatambua maarifa ambayo mtu ameyapata nje ya darasa, na kuna mtihani wake. Fundi mwenye uzoefu anaweza kupimwa akaingia. Akishaipata shahada ya kwanza, mlango unafungwa nyuma yake. Kuanzia hapo anapimwa kwa karatasi tu. Kwa nini utaratibu uishie chini? Nipimeni. Niiteni nikae mbele ya watu watatu, niwafungulie kasha moja la insha, mniulize.

Mwaka 2024 niliomba tena. Safari hii binti yangu alinisaidia, tukapata mhadhiri kijana aliyekubali kunisoma kwanza kabla ya kunidhamini, na nikadahiliwa. Barua ilitoka Septemba. Niliichapisha nakala tatu, moja nikaipeleka kwa mama yangu ambaye hajui kusoma. Aliishika juu chini akasema karatasi yake nzuri, nzito.

Basi nikaandika kwa mwajiri kuomba ruhusa ya masomo, kupitia kwa Mkuu wa Shule, kupitia kwa Afisa Elimu Sekondari, kama utaratibu unavyotaka. Barua ilalapo masijala hailali peke yake, hualika na nyingine. Majibu yalikuja masomo yameshaanza wiki ya tatu: sikuwemo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka ule wa fedha. Na kwa mdomo, kwa upole kabisa, ofisa aliniuliza, "Mwalimu, kwani umebakiza miaka mingapi?"

Nianze na la kwanza, maana lina dawa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi. Bajeti na mpango wa mafunzo huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Barua ya udahili wa uzamili hutoka Agosti au Septemba. Kwa hiyo ili niwemo kwenye mpango, ilinibidi nijue nitadahiliwa kabla hata dirisha halijafunguliwa. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Ni kalenda mbili ambazo hazijawahi kukaa meza moja. Ndugu zangu wa Utumishi na TAMISEMI, ruhusuni mtumishi aingizwe kwenye mpango kwa kueleza nia yake, barua ije baadaye. Na nyie wa vyuo, aliyedahiliwa akakosa ruhusa, mwekeeni nafasi yake mwaka mmoja bila kumtoza ada ya maombi upya na bila kumrudisha kwenye namba ya kidato cha nne. Nimeambiwa kuahirisha kunawezekana kwa aliyekwisha kusajiliwa. Mimi ningejisajilije bila ruhusa?

La pili, la miaka. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60. Nina 47, kwa hiyo nimebakiza 13. Nikisoma miwili inabaki 11. Ndani ya miaka 11 mtoto anaanza darasa la kwanza na kumaliza kidato cha nne. Hiyo ni kidogo? Kijana mwenye miaka 26 mkimsomesha, sawa, ana miaka 34 mbele yake, lakini hakuna aliyemfunga kamba. Mwenzetu mmoja alirudi na uzamili wake, akakaa muhula mmoja, akapata shirika. Simlaumu. Mimi shamba langu liko hapa, mume wangu yuko hapa, makaburi yetu yako hapa. Sina pa kukimbilia na shahada yenu.

Staff ruumu walishaniita Maruge, yule mzee wa Kenya aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Wengine wananiuliza kama nimejiandikisha elimu ya watu wazima. Utani wa walimu nauweza, nami nina wangu. Lakini unajua neno limeshakaa vibaya pale "elimu ya watu wazima" inapomaanisha a-e-i-o-u peke yake, kana kwamba mtu mzima akishajua kusoma gazeti ameshiba.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi maana naona aibu kulialia. Shahada ya kwanza nilisoma kwa mkopo wa serikali. Niliulipa. Mshahara wangu ulikatwa asilimia 8, na baada ya sheria kurekebishwa mwaka 2016 ukakatwa asilimia 15, na ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 ikawa inaunenepesha mkopo kila nikidhani umekonda, mpaka tozo hiyo ilipofutwa mwaka 2021. Siku nilipofungua hati ya mshahara nikakuta mstari ule haupo, nilinunua kuku. Sasa miongozo ya mikopo ya shahada ya kwanza inataka mwombaji asizidi miaka 35, na mikopo michache ya uzamili imekuwa ikiwatazama kwanza wanataaluma wa vyuo. Bodi haina mteja mwaminifu kama yule aliyekopa akamaliza, na mshahara wake bado unapita mikononi mwenu kila mwezi. Nikopesheni ada tu, chakula nitajitafutia. Mkinikata miaka mitano mtakuwa mmeshamaliza nami kabla sijafika 55. Kwa sasa nimeongea na SACCOS yetu ya walimu, na riba yao mnaijua.

Najua mtu atasema: nenda Chuo Kikuu Huria. Naiheshimu sana Huria. Imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ina vituo mikoani, na imewasomesha watu ambao vyuo vingine vingewaacha barabarani. Lakini haiwezekani chuo kimoja kibebeshwe watu wazima wa nchi nzima, halafu vyuo vingine viendelee kupanga vipindi vya Jumanne saa nne asubuhi kana kwamba kila mwanafunzi anaishi bweni. Vile vya mjini vina madarasa ya jioni, ni kweli. Hiyo ni jioni ya Dar es Salaam. Kutoka kwetu ni siku nzima kwenye basi, na hapo barabara iwe nzima. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, ilikatika maeneo ya Somanga na Kusini yote tukabaki tunatazamana.

Walimu tuna kitu ambacho wafanyakazi wengi hawana: likizo mbili zinazojulikana tarehe, Juni na Desemba. Mpangeni vipindi vya ana kwa ana vikae humo, wiki tatu tatu, na katikati tusome kwa intaneti na tuandike. Na mahali pa kukalia panajengwa sasa hivi. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, ule wa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, unajenga kampasi mpya mikoani, na mojawapo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hapa kwetu Lindi. Nimepita pale na basi. Najua imekusudiwa zaidi kwa kilimo, na ni sawa, korosho zinahitaji wasomi. Lakini majengo yale wakati wa likizo yatakaa matupu, na ndani ya mkoa huu wako walimu, wauguzi, mabwana shamba na maofisa maendeleo wenye vyeti vya 2.7 na kuendelea ambao hawatawahi kupata miaka miwili ya kukaa Dar.

Jambo la mwisho ni dogo, na labda linanigusa mimi tu. Fomu ya kuomba uzamili wa Kiswahili ilinitaka nieleze kwa Kiingereza, maneno 500, kwa nini nakipenda Kiswahili. Nilieleza. Kijana wa steshenari aliisoma, akauliza kama niandike chini tafsiri ili wakaguzi waelewe.

Dirisha la mwaka huu nitaomba tena, mara ya tatu. Safari hii barua ya ruhusa nimeitanguliza kwa mwajiri kabla ya kila kitu, na nimepewa nakala yenye muhuri wa "imepokelewa" ambayo nimeiweka ndani ya kasha la kwanza, juu ya insha za 2006. Mzee wa Morogoro mjukuu wake amemnunulia simu ya kupangusa. Ananitumia picha za nyanya. Anasema barua yake ya udhamini bado ipo, nikiihitaji nimwambie ni anwani gani atumie.

Mniambie nimjibu nini.

Wenu,

Mwalimu wa Kiswahili,
Mkoa wa Lindi